Baba Mkwe wa Nani

Siku ya mitumba, soko la Kakamega likiwa limejaa hadi barabarani, Navalayo alishika kiatu cha kushoto na Kipngetich akashika cha kulia. Vilikuwa viatu vya kiume vya ngozi, rangi ya kahawia, namba tisa. Kila mmoja alivuta upande wake huku watu wakiwasukuma kwa viwiko.

"Dada, hicho ni changu," alisema Kipngetich, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyojaa grisi, maana kazi yake ni kutengeneza friji.

"Chako mguu mmoja?"

"Niachie huo mwingine basi."

"Ni vya baba yangu. Tangu nizaliwe anatupigia viatu rangi, mama, mimi na wadogo zangu wawili, na chake mwenyewe kina tundu. Sasa ng'ang'ana nikuone."

Kipngetich akamtazama msichana huyu, muuzaji wa duka la dawa, gauni lake la njano limepigwa pasi, midomo ameikaza. Akaachilia.

"Mpelekee. Lakini nipe namba yako, nijue kama vimemtosha."

Ujanja mtupu, lakini simlaumu. Navalayo mwenyewe alitoa namba bila kuombwa mara ya pili. Jioni hiyo hiyo simu ikalia.

"Vimemtosha?"

"Vimemtosha."

"Na mimi nitamtosha?"

"Wewe hata hujapimwa."

Alipimwa mwezi wa nane, alipopelekwa nyumbani kwao Navalayo, Lumakanda, kunywa chai kama rafiki tu, bila wazee wala maneno ya ndoa. Baba yake, mzee Onesmus Wanjala, hakumuuliza ana shamba eka ngapi. Alimwonyesha kistuli barazani, burashi na kopo la rangi ya viatu.

"Jumamosi jioni kazi yangu ni hii," mzee alisema. "Majirani wanasema nimekaliwa. Nikikaliwa na mke wangu, wao wanaumia wapi?"

Kipngetich alicheka mpaka chai ikammwagikia. Wiki chache baadaye mzee akampigia binti yake simu na kuuliza, "Yule mkwe wangu anakuja lini tena?" Hakusema rafiki yako. Alisema mkwe wangu, na Navalayo alitembea na neno hilo kifuani siku nzima.

Jumatatu iliyofuata mzee akaanguka katikati ya mahindi yake. Kabla hajafikishwa hospitali alikuwa amekata roho.

Mtu wa kwanza Navalayo kumpigia alikuwa Kipngetich.

"Njoo. Njoo sasa hivi."

"Navi, mpenzi wangu, pole. Pole sana. Lakini sijatambulishwa kwenu. Nikiingia matangani peke yangu nitaonekana sina adabu. Acha nizungumze na wazee wetu huku Mautuma..."

"Baba amekufa, wewe unaniambia habari za wazee?"

"Navi, nisikilize."

"Basi usije. Na usinipigie tena." Akakata.

Kufikia Jumatano hasira ilikuwa imemtoka na woga umeingia mahali pake, kwa sababu Kipngetich hakupiga. Hata ujumbe hakutuma. Navalayo alilala na simu kifuani, akaamka nayo, akaenda nayo chooni. Kumpigia yeye mwenyewe alishindwa. Mtu akishasema usinipigie, anaanzia wapi?

Alhamisi alishuka mjini Kakamega, kwenye saiba ya Risper, duka la kompyuta na uchapaji, kuchapisha programu ya mazishi. Alikuwa amejifunga leso nyeusi, macho yamevimba. Risper alisoma kutoka kwenye kompyuta, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"'Mume mpenzi wa Pascalia. Baba wa Navalayo, Nafula na Nekesa. Baba mkwe wa...' Baba mkwe wa nani? Umeacha nafasi."

Navalayo aliigusa nafasi hiyo kwenye skrini.

"Nifute mstari?"

"Ngoja."

"Mpenzi, nyuma yako kuna watu wana misiba yao pia. Hii mashine nikiianzisha ni nakala mia tatu."

Hapo ndipo alipompigia. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Akarudia. Hapatikani.

"Amezima," alisema.

"Ehe. Mwanamume akizima simu wiki ya msiba, mimi ningefuta jina."

Navalayo aliwaza Jumamosi. Watu mia tatu wakisoma jina la mtu ambaye hayupo, shangazi zake wakinong'ona, na mama yake, siku ya kumzika mume wake, akibeba pia aibu ya binti aliyetupwa. Kisha akawaza sauti ya baba yake kwenye simu. Akifuta, atakuwa anafuta neno la marehemu, na Kipngetich pamoja nalo.

"Weka jina," alisema. "Kipngetich."

"Una hakika?"

"Sina. Weka."

Ijumaa ikapita, simu kimya.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na uwanja wote wa nyumbani ulikuwa tope jekundu. Mzee Onesmus alilala kwenye jeneza amevaa vile viatu vya kahawia. Navalayo, katika gauni jeusi lenye kola nyeupe, alitazama kila uso chini ya mahema. Hakumwona. Saa tano baba mkubwa Cleophas, kaka wa marehemu na msimamizi wa boma siku hiyo, akampa kipaza sauti.

Alisoma jinsi baba yake alivyolala siku tisa kwenye benchi la hospitali, mama alipougua mapafu, akikataa kurudi nyumbani hata kuoga. Alisoma jinsi alivyowasuka nywele binti zake mama aliporudi akiwa hana nguvu, njia zikienda kombo, nao wakakataa kufumuliwa. Watu walicheka huku wakijifuta macho. Halafu akafika kwenye mstari ule, akaacha kusoma.

Karatasi ilikuwa mikononi mwa kila mtu. Shangazi mmoja tayari alikuwa akiuliza, "Kipngetich ndiye nani?" Navalayo aliona mama yake akiinua kichwa, mama ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

"Soma, mama," Pascalia alimwambia binti yake.

"Baba mkwe wa Kipngetich," alisoma Navalayo.

Kisha Cleophas akasimama polepole na kuchukua kipaza sauti.

"Huyo yuko nje ya lango tangu saa tatu, yeye na wazee wake sita," alisema. "Jumatano alikuja peke yake nikamrudisha. Nikamwambia kwetu mkwe haingii mpaka aitwe na watu wa nyumba. Nimekaa hapa nikingoja mtu wa nyumba amtaje. Asingetajwa, wangegeuza warudi kwao. Fungueni lango."

Navalayo alitaka kumkumbatia mzee huyo na kumpiga kwa wakati mmoja. Alifikiria kalamu ya Risper na neno lile, nifute. Wazee waliingia na kofia mikononi, na nyuma yao Kipngetich, amevaa suti nyeusi iliyombana mabega, macho mekundu kuliko ya wafiwa wengine.

Baada ya kaburi kufunikwa walisimama kando ya ghala la mahindi.

"Kwa nini ulizima simu?"

"Ningeona jina lako ningekuja mbio, peke yangu. Na baba yako mkubwa aliniambia nikija tena peke yangu nimeshakupoteza."

"Mimi nilikuambia usije."

"Nilikusikia."

"Siku nyingine nikisema hivyo, usinisikie."

"Sawa, Navi wangu."

Jua lilipoanza kupungua na wageni wakitawanyika, Kipngetich alivua koti, akaketi barazani kwenye kistuli cha mzee. Burashi ilikuwa pale pale, na kopo pia. Viatu vya wasichana vilikuwa vimepangwa mlangoni, vimejaa tope. Hakuna aliyemtuma. Alikung'uta vya Navalayo, akachovya burashi kwenye rangi, akaanza.

Pascalia akatoka ndani miguu mitupu, viatu vyake vyeusi mkononi. Alisimama mbele ya kijana huyo kwa muda, akimtazama alivyokaa. Kisha akaviweka chini karibu na goti lake.

"Baba yao alianzanga na vyangu," alisema.

Kipngetich akaviweka kando vya Navalayo, akachukua vya mama.