Mstari wa Buluu

Siku zile, kila Jumatano baada ya vipindi, mimi ndiye niliyeosha kwa sabuni ya unga vichupa vya maabara ya shule yetu. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza nne na harufu ya spiriti. Hata leo nikiisikia harufu hiyo hutabasamu peke yangu. Mwalimu wa sayansi alitaka kila kichupa kisuuzwe mara tatu. Jumatano moja wenzangu waliniita mpirani. Nikasuuza mara moja tu, nikatoka mbio.

Kesho yake tulitwanga mchicha, tukauloweka kwenye spiriti na kuuchuja, tukavaa miwani ya kinga. Mwalimu akapita meza kwa meza akimulika vichupa kwa leza ya zambarau. Maji ya kijani yakawaka mekundu! Darasa zima likaguna.

"Molekuli za jani hupokea mwanga, kisha huurudisha kwa rangi yao," alisema. "Andikeni mnachokiona. Watakaoandika vizuri watashika leza siku ya wazazi."

Mama yangu, fundi cherehani, alikuwa ameshaomba ruhusa kazini ili aje.

Tulichungulia mwanga huo kupitia boksi lenye kipande cha sidii kinachotenganisha rangi. Pembeni ya nyekundu niliona mstari hafifu wa buluu, nikauandika.

"Chiriku, unauona?" nilimnong'oneza mwenzangu wa dawati, aliyepewa jina hilo kwa domo lake.

"Nauona. Futa! Wenzetu wameandika nyekundu tu. Unataka tuonekane vipofu?"

Nikafuta. Lakini wiki iliyotangulia mwalimu alikuwa ametuonyesha shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga likiwaka buluu vilevile kwa leza hiyo. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kuna buluu. Ni sabuni. Jana sikusuuza vizuri."

Meza ya nyuma ikadakia: "Hata sisi tuliiona!"

"Na sisi! Tukafuta!"

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe darasa langu lina macho mazima na vifutio vikali!"

Tuliosha upya, mara tatu, tukarudia jaribio. Buluu haikuonekana tena.

Siku ya wazazi leza ilishikwa na wengine. Mama akaniuliza, "Na wewe mwanangu, kazi yako ipi?"

Nikainamisha kichwa. Mwalimu akanijibia.

"Mama, huyu alisuuza ovyo, ndiyo maana leza hakuishika. Lakini alisema kweli akijua itamgharimu, akatuokoa sote. Kichupa kichafu huoshwa kikatakata. Daftari lenye uongo halina maji ya kulisafisha."