Maswali Kumi ya Evodi

Kila siku ya juma, saa kumi kasoro dakika tano jioni, Imakulata aliweka redio juu ya kigoda mlangoni mwa nyumba yao kule Shanwe, pembezoni mwa mji wa Mpanda, akavuta antena hadi mwisho, kisha akafungua daftari kubwa la kaka yake. Kazi yake ilikuwa kusikiliza taarifa ya habari na kutoa humo maswali kumi pamoja na majibu yake: nani ameteuliwa kushika cheo gani, mkutano gani umefanyika wapi, mradi gani umezinduliwa mkoa upi. Juu ya ukurasa aliandika tarehe. Chini yake aliandika jina la redio na saa aliyosikiliza. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kufanya hivyo.

Kaka yake, Evodi, hakuweza kusikiliza mwenyewe. Alipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea utunzaji wa kumbukumbu, aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipopona, hakusikia tena kitu. Alimaliza masomo kwa kunakili madaftari ya wenzake, akapata cheti chake, akarudi Mpanda. Huu ulikuwa mwaka wa tatu akiomba kazi serikalini. Mara mbili alikuwa ameitwa kwenye usaili, na mara zote mbili alikwama kwenye mtihani wa kuandika, sehemu ya mambo ya sasa. Kazi aliyosomea aliijua vizuri. Lakini yale ambayo watu wengine huyasikia bila hata kukusudia, wakiwa saluni au kwenye kijiwe cha bodaboda, yeye yalimpita. Simu yake ya kuingia mtandaoni ilikuwa imeharibika siku nyingi.

Wakati akingoja, alibeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mama yao, Klementina, hakuipenda kazi ile hata kidogo. Malori yalirudi nyuma pale uwanjani kutwa nzima, na dereva akipiga honi, kila mtu alikimbia isipokuwa Evodi.

Jioni, baada ya kuoga, Evodi aliketi na kusoma ukurasa wa siku hiyo. Kisha Imakulata aliziba majibu kwa kiganja na kuonyesha swali kwa kidole. Evodi alijibu kwa sauti kubwa mno, maana hakuisikia sauti yake mwenyewe, na majirani walishazoea. Akipata, Imakulata aliitikia kwa kichwa. Akikosa, alimwandikia jibu kwenye karatasi ya pembeni. Waliongea hivyo siku zote: dada aliandika, kaka alisema.

"Safari hii nitafaulu, Ima," alimwambia jioni moja, akipiga goti lake kwa furaha baada ya kupata yote kumi. "Wenzangu wana masikio mawili. Mimi nina yako."

Imakulata alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mwezi ule alichaguliwa kuingia timu ya netiboli ya shule. Mazoezi yalikuwa saa kumi jioni, siku zote tano za shule.

Siku ya kwanza alimweleza rafiki yake Upendo kwamba hataweza, ana kazi ya kuandika habari.

"Si uandike baadaye?" alisema Upendo.

"Baadaye habari zinakuwa zimeisha."

"Basi andika chochote. Kwani atajua? Kaka'ko si hasikii?"

Imakulata alikasirika, hata akamwambia Upendo kwamba ana roho mbaya. Lakini siku hiyo hiyo alibaki uwanjani. Alirudi nyumbani jua likielekea kuzama, akakuta redio kimya na ukurasa mweupe. Akakumbuka habari za juzi, akazigeuza geuza. Mkutano wa mawaziri wa maji, uliotajwa juzi kwamba unakaribia, aliupeleka Arusha, kwa sababu mikutano mingi aliyoisikia ilifanyikia huko. Barabara mpya aliizindua Singida. Chini ya tarehe akaandika jina la redio na saa kumi jioni, kama kawaida.

Jioni ile Evodi alikariri yote kumi. Alipokosa moja akajilaumu kwamba ameanza kuwa mzito.

Kwa wiki nzima Imakulata alitaka kumwambia. Baadaye haja ile ikapungua, na uongo ukawa mwepesi. Jumamosi na Jumapili, ambapo hakukuwa na mazoezi, alisikiliza kweli na kuandika kweli. Siku za mazoezi alitunga, na hata Upendo alimsaidia kutunga, wakicheka njiani. Kama ingekuwa hesabu, Evodi angelikamata kosa. Habari ya redio hakuwa na mahali pa kuikamatia. Kwa hiyo kweli na uongo vikalala pamoja katika daftari moja, kwa mwandiko uleule mzuri.

Baada ya miezi miwili Evodi aliitwa kwenye usaili. Mtihani ulifanyika palepale mjini. Alirudi mchana akiwa na uso unaong'aa, mama akaacha kupepeta mchele ili amsikilize.

"Mambo ya sasa yalikuwa yetu kabisa!" alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Wameuliza mkutano wa mawaziri wa maji umefanyika mji gani. Nikaandika Arusha. Wameuliza barabara mpya, nikaandika Singida. Ima, dada yangu, umenipitisha!"

Mama alicheka, akampigia Imakulata vigelegele. Imakulata alisema anakwenda chooni. Huko alisimama hadi vigelegele vilipokwisha.

Matokeo yalipotoka, Evodi aliyasoma kwenye duka la steshenari mjini. Alikuwa amepungukiwa alama mbili. Alirudi nyumbani moja kwa moja. Alimwonyesha mama karatasi, akabadilisha nguo, akarudi kwenye magunia. Usiku wala asubuhi hakumlaumu mtu. Kitu pekee alichosema ni kwamba huenda kichwa chake nacho kiliharibiwa na ile homa, kimeacha kushika mambo.

Imakulata alisikia, akainamia vyombo alivyokuwa akiosha.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, lori lililopakia pumba lilirudi nyuma uwanjani kwa mashine. Dereva alipiga honi, watu wakapiga kelele. Evodi alikuwa ameinama akifunga gunia, akiwa ameligeuzia lori mgongo. Kijana mmoja alimvuta mkono, na ndiyo sababu alipona. Lakini gurudumu lilikuwa limeshapanda mguu wake wa kushoto.

Hospitalini walimkata vidole viwili. Mama alilala sakafuni pembeni ya kitanda chake kwa siku nne, hadi homa ilipotulia. Siku ya tano Imakulata alikwenda kumwona baada ya shule. Evodi alikuwa amekonda, midomo imemkauka, lakini alipomwona alijiinua kwa viwiko.

"Daftari umeliacha nyumbani?" aliuliza. "Niletee. Tangazo lingine la kazi litatoka, mama amesikia. Hapa nina muda. Nitalisoma tangu ukurasa wa kwanza hadi kichwa kishike."

Kesho yake Imakulata alilileta alipokwenda na mama, ambaye alibaki nje akifua shuka za mgonjwa. Hakujua afanye nini kingine. Evodi alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya shuka na kulifungua. Midomo yake ikaanza kwenda: swali, jibu, swali, jibu. Imakulata alitazama kidole cha kaka yake kikishuka ukurasani. Kilipita kwenye Arusha. Kikapita kwenye Singida. Alikuwa anakariri tena uongo uleule, na mguu wake umefungwa bendeji nyeupe hadi kwenye kifundo.

Imakulata alichukua karatasi na kalamu. Akaandika: *Kaka, usisome. Kurasa nyingi nilitunga. Sikusikiliza redio. Nilikuwa netiboli.*

Evodi alisoma. Akasoma tena. Akamtazama dada yake usoni kama mtu anayengoja aambiwe kwamba ni utani.

"Arusha?" aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Imakulata alitikisa kichwa kukubali. Akachukua karatasi tena aandike kwamba anaomba msamaha. Lakini Evodi alifumba macho. Kwa mtu asiyesikia, kufumba macho ni kama kufunga mlango na kutia komeo. Imakulata alishika mkono wake, Evodi akautoa. Alilia kwa sauti, na wagonjwa wengine wakageuka kumtazama, lakini yule aliyeliliwa hakujua kwamba kuna mtu analia.

Njiani kurudi nyumbani alimweleza mama yote. Klementina alisimama katikati ya barabara, bajaji ikawapigia honi na kuwakwepa. Imakulata alingoja kofi, hata akalitamani. Mama hakumpiga.

"Kurasa ngapi?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Kazijue. Ukishazijua, ndipo tutaongea."

Kazi ile ilimchukua wiki tatu. Aliacha netiboli, akaenda parokiani kwa Katekista Maximilian, aliyetunza magazeti ya zamani kwenye chumba cha nyuma ya ofisi. Alimweleza anachotaka na kwa nini. Katekista hakumsifu wala hakumsema, alimfungulia chumba tu na kumwonyesha yalipoanzia. Kila alasiri Imakulata alikaa humo kwenye vumbi, akipekua gazeti baada ya gazeti. Palipokuwa na uongo aliukata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni habari ya kweli, jina la gazeti na tarehe yake. Mkutano wa mawaziri wa maji ulikuwa umefanyika Mwanza. Barabara haikuwa Singida hata kidogo. Mengine hakuyapata gazeti lolote, na hapo aliandika: *Sijui. Nilidanganya.* Maneno hayo aliyaandika mara nyingi, na kila mara yalikuwa mazito zaidi. Kurasa za uongo zilikuwa thelathini na nne.

Evodi alikuwa amesharudi nyumbani, akitembea kwa gongo. Alimsalimia dada yake kwa kichwa tu. Imakulata alimpelekea daftari alipokuwa amekaa uani, akaliweka chini karibu naye na kusogea mbali kidogo.

Alilisoma kwa muda mrefu, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mwisho aliuliza, bila kuinua uso:

"Kwa nini hukuniambia una mazoezi?"

Imakulata aliandika: *Niliogopa utasema hapana.*

"Ningesema sawa," alisema Evodi. "Hilo ndilo linaloniuma kuliko mguu. Ningekwambia, Ima, nenda ukacheze, niandikie siku mbili tu. Ningesoma kurasa mbili za kweli." Aligusa gongo lake. "Lori hukuliendesha wewe, na sitaki ubebe hilo. Lakini mimi nilikaa hapa nikidhani akili yangu imekufa kama masikio. Hilo ulilifanya wewe, na ulikuwa ukiniona nikiteseka."

Imakulata aliweka kalamu chini. Alikaa tu, hakuondoka. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshawafikia miguuni wakati Evodi alipolisukuma daftari kwa Imakulata.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

Ilikuwa saa kumi kasoro. Imakulata alikwenda kuleta redio.

Tangu siku hiyo Evodi alimfanya aandike kwenye kila ukurasa kama amesikia vizuri, amesikia nusu, au hakusikia. Mara moja kwa wiki walikwenda wote parokiani kulinganisha na magazeti. Alimuuliza maswali makali, kama karani anayemkagua mtu asiyemwamini, na Imakulata alivumilia, maana alijua imani ya kaka yake haitarudi kwa siku moja. Siku ya betri kuisha aliandika: *Sijui. Redio ilizima.* Evodi aliusoma ukurasa ule mtupu, akauwekea saini yake chini.

Miezi mitano baadaye alifanya mtihani mwingine na kufaulu. Kwenye usaili wa mahojiano aliandikiwa maswali, akajibu kwa mdomo. Mwishoni mwa mwaka jina lake lilitoka: msaidizi wa kumbukumbu katika ofisi ya halmashauri moja mkoa wa jirani. Mama alilia, kisha akaanza kufunga nguo za mwanawe kwenye begi, akiweka soksi nene kwa ajili ya ule mguu ambao ungemsumbua siku zote za baridi.

Evodi alipokwisha kuondoka, nyumba ilikuwa kimya. Klementina alimwita Imakulata, akamkalisha mkekani mbele yake.

"Nilikwambia ukishazijua kurasa zako tutaongea," alisema. "Nilikuwa nakuangalia kwanza. Kaka yako amepata kazi, na amekusamehe, amenieleza mwenyewe. Lakini karibu mwaka wake mzima umepotea na vidole vyake havitaota. Hayo huwezi kuyakata kwa kalamu nyekundu, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Nyie watoto mnadhani uongo ni kosa kubwa ukimdanganya mtu mkali, mtu atakayekukamata. Mimi nakwambia mwogope zaidi yule ambaye hawezi kukukamata. Yeye amekupa imani yake yote, hana pengine pa kwenda kuuliza. Ukichoka, sema umechoka. Usipoweza, sema huwezi. Usipojua, andika hujui, hata kama ukurasa mzima utabaki mweupe. Watu watakuelewa, na wasipokuelewa, hujamwumiza mtu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama," alisema Imakulata.

Klementina akamvuta karibu, akamwegemeza begani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barabarani.