Mafuta Yanayowaka Hayanyweshwi Maji

Mke wa fundi viatu alikuwa hodari wa mambo mawili: kukaanga viazi na kukasirika. Viazi vyake vilikuwa vikavu nje, laini ndani. Hasira yake ilikuwa moto nje na moto ndani. Mtaani wakamwita Pilipili, naye hakukataa.

Jiko lake la gesi lilikuwa chumba cha mbele, karibu na mlango. Chumba cha nyuma alilala mama mkwe wake, bikizee aliyepooza miguu. Dirisha la chumba hicho lilikuwa na nondo na kufuli, kwa ajili ya wezi. Nje, kichochoro kilijaa kreti za soda za jirani yao, muuza vinywaji.

Asubuhi moja mteja alilalamika kwamba viazi ni vidogo. Pilipili akayapa mafuta kisogo ili amjibu vizuri. Mafuta yakafuka moshi, kisha yakashika moto. Mumewe akatupa kiatu alichokuwa akishona, akanyakua ndoo ya maji, akamwaga.

Moto ukaruka hadi darini kama mtu aliyetukanwa. Mkono wa fundi viatu ukaungua. Moshi ukajaa nyumba nzima.

Kule nyuma bikizee akaita, "Wanangu, nani amezima mchana?"

Mlango wa mbele haukupitika tena. Wapakizi wa mizigo waliokuwa barabarani walizunguka nyuma, wakang'oa nondo za dirisha kwa mtaimbo, wakamtoa bikizee akikohoa. Gari la zimamoto lilifika dari limekwisha kuanguka. Likakwama kwenye kreti za soda. Askari wakaburuta mipira kwa miguu, wakazima kilichobaki.

Kesho yake Pilipili hakunywa chai. Alikwenda moja kwa moja kituo cha zimamoto. Alimkuta mwanamke mwenye sare akikunja mpira wa maji.

"Mkubwa wenu yuko wapi?"

"Mimi ndiye sajini wa zamu, mama. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kugomba."

"Gomba basi. Nakusikiliza."

Pilipili akagomba. "Mama mkwe wangu nusura ageuke kuni, na nyinyi mnakuja polepole kama mnakwenda harusini. Kazi yenu ni kuzima moto au kuzika?"

Pilipili alipomaliza, sajini akauliza, "Nani alitupigia simu?"

"Watu wote walikuwa na simu mikononi."

"Walikuwa wanapiga picha. Nauliza, nani alitupigia sisi?"

Pilipili akafikiri. Yeye alidhani mteja amepiga. Mteja labda alidhani jirani amepiga.

"Mtu mmoja alipiga, tena kwa kuchelewa," alisema sajini. "Alisema, 'Njooni, moto kwa Pilipili,' akakata. Mimi nimemjua Pilipili leo. Jana tuliuliza njia nzima Pilipili ni nani. Mwisho tukafuata moshi."

Hasira ya Pilipili ikakosa pa kukaa. Ikahamia kwenye ndoo.

"Na yale maji? Mama mkwe wangu hututegea kitendawili: nikimlisha anaishi, nikimnywesha anakufa. Jibu ni moto. Mume wangu aliunywesha. Mbona haukufa?"

"Kitendawili hicho ni cha moto wa kuni, mama. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yanazama chini ya mafuta ya moto, yanageuka mvuke papo hapo. Mvuke huo unayarusha juu mafuta yanayowaka. Hapo huuzimi moto, unaugawa."

"Sasa nifanye nini? Niukodolee macho?"

"Zima gesi, kama mkono unafika bila kuungua. Funika karai kwa mfuniko wa chuma. Utelezeshe kutoka upande wako, usiutupe. Usilibebe karai. Usilifunue mpaka lipoe kabisa. Ukiona moto umekushinda, toka na watu wako, funga mlango, piga simu ukiwa nje. Sema mahali, sema kinachoungua, sema kama kuna mtu ndani. Usikate simu mpaka tukuambie."

"Na mkono wa mume wangu? Nimeupaka dawa ya meno."

Sasa sajini naye akakunja uso. "Dawa ya meno ni ya meno. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika ishirini, tena palepale, kisha hospitali. Mpeleke leo hii."

"Haya yote mnayajua, mkayaatamia kama kuku na mayai?"

"Tunakuja mitaani kufundisha bure, na kukagua nyumba bure. Tulipokuja kwenu walitokea watu watatu. Mmoja alikuwa anajikinga mvua."

"Safari hii watatokea," alisema Pilipili.

Alibisha hodi kila mlango. "Mwenye kazi aje. Mwenye visingizio aje navyo." Walipojaa uwanjani, sajini akawasha mafuta kwenye karai, mbali na nyumba, akawafundisha kufunika mmoja mmoja. Kisha akakagua nyumba ya fundi viatu. Akaonyesha lilipokuwa dirisha la nyuma.

"Kufuli la hapa, ufunguo ulikuwa wapi?"

Fundi viatu akagusa mfuko wake.

"Na ukiwa sokoni?"

Pilipili akasema, "Kumbe tulimfungia mama yetu asiibiwe, kama redio."

Mchomeleaji akatengeneza mlango mdogo pale palipokuwa na dirisha, wenye komeo la ndani lisilotaka ufunguo. Jiko likahamia uani. Muuza vinywaji akauliza kreti zake zitakaa wapi. Jioni alizikuta juu ya kitanda chake. Akafungua mdomo, akamtazama Pilipili, akaufunga.

Mvua zilipokwisha, mchana mmoja, friji ya muuza vinywaji iliwaka. Waya wake ulikuwa umeungwaungwa. Moshi ukapenya ukutani hadi kwa Pilipili. Pilipili akazima gesi. Mumewe hakugusa ndoo. Alifungua komeo, akambeba mama yake, akatoka.

Pilipili akapiga simu akiwa barabarani. "Ni moto. Nyuma ya ghala la mbao, kichochoro cha pili, mlango wa bluu. Friji inaungua. Watu wote wametoka. Sikati."

Muuza vinywaji akataka kurudi kuchukua koti. Pilipili akamkamata shati.

"Rudi humo. Ukitoka mzima nitakuua mwenyewe."

Gari la zimamoto likaingia kichochoroni mpaka mlangoni. Iliteketea friji na ukuta mmoja ukawa mweusi. Basi.

Sajini akamwendea bikizee, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, bibi. Umeumia?"

"Marahaba. Sijaumia. Ila nimetolewa mbiombio, kichwa wazi, mbele ya mtaa mzima."

Pilipili akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mama mkwe wake. Akavuta fundo kwa nguvu.

"Taratibu, mwanangu," alisema bikizee. "Ndicho kichwa pekee nilicho nacho."

"Ndiyo maana nakaza."