Nukta ya Kupima Mtandao

Haya yalimpata Chepkorir, rafiki yangu tunayeuza naye mboga hapa Nakuru. Si mtu wa kuzua mambo.

Mumewe Kiplimo alifukiwa shimo la udongo mweupe walilokuwa wakichimba yeye na wenzake kwa mikono, upande wa Kariandusi, lilipoporomoka. Siku ya nne ya kumtafuta bila kumpata, wenzake wakamwambia Chepkorir, "Mama, tumechoka. Giza likiingia tunafukia shimo."

"Ngojeni basi nimwandikie shemeji alete tingatinga."

"Haya, lakini usikawie."

Akapanda kilimani kutafuta mtandao. Simu ilionyesha 4G na bando alikuwa nayo, lakini ujumbe wa shemeji haukuondoka. Akafanya alivyozoea miaka yote akitaka kujua kama intaneti inafanya kazi kweli: akamtumia Kiplimo nukta moja. Vidole vilijiendea tu.

Tiki mbili zikatokea, kisha zikageuka buluu.

Simu ya Kiplimo ilikuwa kwenye mkoba wa Chepkorir mwenyewe, imezimwa tangu Jumatatu.

Ikaingia sauti iliyorekodiwa, kutoka namba ya Kiplimo. Wakati huo giza lilikuwa limeshika bonde lote. Akaweka simu sikioni, akasikia udongo ukitupwa kwa sepetu, mara baada ya mara, na chini ya udongo huo mtu akivuta pumzi.

Ujumbe wa shemeji ulikuwa bado haujaondoka.

Akatazama shimoni haraka. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mwanga wa tochi, wakinywa chai na kumngoja, na sepetu zote zilikuwa zimelala chini.