Mnyama wa Kwato Kavu

Jumamosi tarehe 15 Novemba 1986, saa nane na dakika kumi mchana, mtumbwi wa Anatory Rwegasira ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba kwenye mabua ya mafunjo, katika bwawa la Mto Kagera, upande wa Kyerwa, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Kamba ilikuwa nzima na fundo lilikuwa zuri. Kosa lilikuwa kwenye mafunjo: mizizi yake haikufika ardhini.

Wakata mafunjo wanalijua jambo hilo. Mafunjo yakizaa sana hushikana mizizi na kujitandika juu ya maji kama jamvi nene. Mtu anaweza kusimama juu yake, akakata mzigo, akala na chakula, na chini yake kuna kina cha kufunika nyumba. Kwa hiyo kabla ya kufunga mtumbwi, mtu huruka mara tatu. Mabua yakitikisika yote kwa pamoja, hapo hapafungwi. Siku hiyo Anatory hakuruka. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Rwanda, naye alitaka mizigo kumi ya kuezekea jiko kabla ya mvua.

Alikuwa na watoto wake wawili. Celestina, wa miaka kumi na miwili, alifunga mizigo. Melkiory, wa miaka minane, aliipanga.

Upepo ulifika saa nane na nusu. Mabua, marefu kupita mtu mara mbili, yaliushika upepo wote, na jamvi likakatika kutoka ukingoni kwa mlio kama wa nguo inayochanwa. Liliporuka, mundu ulimponyoka Anatory ukampasua nyuma ya mguu wa kulia, chini ya goti, jeraha la urefu wa kidole. Kisha ikaja mvua ya mawe. Mtumbwi ulijaa na kuzama, na kwa kuwa kamba ilikuwa nzima na fundo zuri, ulianza kuvuta ukingo wa jamvi chini.

"Ikate," Anatory alisema.

"Baba, ni mtumbwi wetu."

"Ikate, mama."

Alimwita mama kwa sababu alikuwa na jina la mama yake mzazi. Celestina aliikata kamba kwa mapigo mawili ya panga. Ukingo ukainuka, mtumbwi ukaenda.

Mvua ilipokwisha, Celestina alihesabu vitu. Panga moja. Dumu la lita tano, tupu. Ndizi za kuchoma sita. Kitenge kimoja. Kipande cha kamba kilichobaki kwenye mabua. Mizigo minane ya mafunjo. Saa ya mkono ya baba, ambayo ilikuwa bado inatembea. Jamvi lilikuwa na hatua ishirini na mbili kwa kumi na nne. Ukingo walikotoka, mashariki, haukuonekana.

Waliokota mawe ya mvua kabla hayajayeyuka na kuyajaza kwenye dumu. Kwa siku mbili hayo ndiyo yalikuwa maji yao ya kunywa. Kwa maji hayohayo Celestina aliosha jeraha, akalifunga kwa kipande cha kitenge.

"Inauma?" Melkiory aliuliza.

"Hapana," Anatory alisema. "Inacheka. Lete mkono nishike."

Mnyama alikuja mara ya kwanza Jumapili saa moja asubuhi.

Alikuwa nzohe, swala wa majini, ambaye Wanyambo, watu wa Karagwe, humwita enjobe. Nzohe wa bwawa lile ni wa kahawia, na hutembea akiwa amezama hadi tumboni. Huyu alikuwa na rangi ya majivu, na alitembea juu. Alitokea mashariki katikati ya mafunjo membamba, kwenye tope lisilobeba hata ndege mkubwa, akasimama hatua sita kutoka kwenye jamvi, akawatazama.

Watu wote watatu walimpa mgongo. Nzohe ni mwiko wa ukoo wa Anatory. Haliwi, haguswi, na akikutana nawe njiani unageuka, unasubiri apite, wala humfuati. Watoto walifundishwa hivyo kabla hawajafundishwa kusoma. Walisimama hivyo dakika kumi na moja kwa saa ya mkono. Walipogeuka, alikuwa ameondoka.

"Miguu yake ilikuwa mikavu," Melkiory alisema.

"Umejuaje?" dada yake aliuliza.

"Nilichungulia kidogo."

"Kidogo ni kuchungulia."

"Nimesema kidogo. Kwato zilikuwa kavu, zina vumbi."

Hakuna aliyemwamini. Katika bwawa lile hakuna mahali pa kupata vumbi.

Mchana senene, wale panzi wa kuliwa, walianguka. Ulikuwa mwezi wao, nao walitua juu ya mafunjo kwa mamia, wa kijani na wa kahawia. Watoto waliwakamata, wakawanyonyoa mbawa na miguu, wakawala wabichi.

"Bibi alisema zamani wanawake hawakula senene," Melkiory alisema.

"Zamani wanawake walikuwa na chakula kingine. Sogea, unakalia wangu."

Saa kumi jioni mnyama alirudi, akasimama palepale. Walimpa mgongo tena, lakini safari hii Celestina alikuwa ameshika panga mbele yake, na katika ubapa wake uliosafishwa kwa mchanga wiki ile aliona kilichokuwa nyuma. Melkiory alisema kweli. Kila mnyama alipoinua mguu, aliacha kwenye tope alama kavu, ngumu, kama iliyopigwa kwenye sakafu ya nyumba. Baada ya muda maji yaliifunga.

Mnyama alipoanza kuondoka, Celestina aligeuka, akautupa mzigo mmoja wa mafunjo juu ya alama zake. Mzigo ulikaa bila kuzama. Alihesabu. Alipofika thelathini na sita, ukazama. Alitupa wa pili, ukafika thelathini na sita. Wa tatu aliuwekea lile dumu, lililokuwa na maji nusu, akalifunga dumu kwa kamba. Ulifika thelathini, naye akalivuta dumu nyuma bila kupoteza tone.

"Unafanya nini?" baba yake aliuliza. Alikuwa bado amegeuka, na alikuwa anatetemeka.

"Napima," Celestina alisema.

Jumatatu asubuhi mguu wa Anatory ulikuwa umevimba hadi juu ya goti, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda pajani. Ngozi yake ilichoma. Aliongea Kinyambo na mtu ambaye hakuwepo, kisha akaongea vizuri, kisha tena na yule mtu. Jamvi lilikuwa limepungua hadi hatua kumi na tano. Magharibi, mbele ya macho, maji yalikuwa yakipita upesi, yamebeba magogo na povu kuelekea kaskazini. Huo ulikuwa mto wenyewe. Jamvi likiufikia litachanika. Upepo ulilisukuma kwa kiasi cha hatua tano kila dakika kumi. Celestina alilipima kwa kisiki kilichosimama majini. Ilibaki kama hatua mia moja.

Saa tatu na dakika ishirini mnyama alikuja mara ya tatu.

Anatory alijivuta ageuke. Celestina hakugeuka.

"Mama," Anatory alisema. "Mgongo."

"Baba, anakuja kutuchukua."

"Hatumfuati. Bibi yako alisema."

"Alisema kwa sababu gani?"

Anatory alifikiri. "Alisema ukimfuata, unawaonyesha wawindaji alipo."

"Hapa hakuna mwindaji."

"Ng'ambo wapo."

"Ng'ambo nitaona la kufanya. Hapa naona mguu wako."

Anatory aliutazama mguu kama wa mtu mwingine. "Chukua Melkiory," alisema. "Mimi ni mzito."

"Nimeshakupima," Celestina alisema. Haikuwa kweli.

Walifunga mizigo mitano iliyobaki ubavu kwa ubavu, wakamlaza juu yake, wakamkaza kwa kitenge kifuani. Kamba ya mgomba waliisokota mara tatu. Celestina aliipitisha mabegani, Melkiory akakaa nyuma kusukuma. Mnyama alipoona wamemaliza, aligeuka na kuanza kutembea kuelekea mashariki, taratibu, bila kuangalia nyuma.

Tope lilibeba. Lilikuwa la uvuguvugu chini ya nyayo. Celestina alihesabu kwa sauti, na kwa mara ya kwanza alijua uzito wa baba yake: alama zilizobeba mzigo mtupu hadi thelathini na sita zilimbeba yeye hadi kumi na nne tu. Kusimama haikuwezekana. Kila alipofika kumi, walihamia alama nyingine na kuanza tena moja.

Walikwenda hivyo zaidi ya saa moja na nusu. Mafunjo yaliwakata mikono. Ruba walimshika Melkiory kwenye mashavu ya miguu, naye hakupata muda wa kuwatoa.

Saa tano na dakika kumi Melkiory alikanyaga pembeni. Alizama hadi kiunoni.

"Saba," Celestina alisema. "Shika mizigo. Nane. Usinivute mimi, shika mizigo. Tisa."

"Nimeshika."

"Kumi. Panda."

"Mguu umenaswa."

Celestina alivuta. Mizigo haikusogea. Alifika kumi na tatu, kumi na nne, na maji yakaanza kupanda kati ya mabua, yakafika masikioni mwa baba yake. Hakuiachia kamba. Aliendelea kuhesabu kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya.

Ndipo mnyama aliporudi nyuma. Alipita karibu na Celestina kiasi cha kumgusa kwa manyoya, ambayo yalikuwa makavu na yenye joto, akasimama kando ya mizigo kwa miguu yote minne. Tope likakaza. Melkiory aliutoa mguu, bila kiatu, akapanda. Mnyama alisubiri hadi mtoto alipotulia, kisha akashika tena njia ya mbele.

"Kiatu changu," Melkiory alisema baada ya hatua thelathini.

"Sukuma."

Saa sita na nusu walisikia mbwa.

Speciose, mama wa watoto, alikuwa amezunguka ukingo wa bwawa tangu Jumamosi, akiita, na sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo. Pamoja naye alikuwa jirani yao, Karekezi, aliyeacha shamba lake siku tatu kutafuta. Karekezi alikuwa na mbwa mmoja na mkuki, kwa kuwa ukingo ule una nyati. Mbwa alipobweka, Karekezi alitazama kwenye mafunjo akaona kichwa cha mnyama mkubwa, rangi ya majivu, hatua ishirini. Watu waliokuwa nyuma yake hakuwaona. Siku tatu hizo yeye na Speciose walikuwa wamekula mihogo mikavu tu, bila nyama. Aliinua mkono.

Celestina aliuona mkuki kati ya mabua. Alikuwa amefika sita. Akiiachia kamba, baba yake atazama kwenye kumi na nne. Akipiga kelele, mtu aliyeinua mkuki huurusha. Alijaza pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kupita mbele ya nyumba ya mtu mzima:

"Shikamoo, Mzee Karekezi."

Mkono ulisimama. "Marahaba," Karekezi alisema. Alikuwa ameshaitikia kabla hajajua anamwitikia nani. Aliyatazama mafunjo mdomo wazi.

"Usirushe, mzee. Ndiye anayetuleta. Baba yuko huku. Saba."

Karekezi aliushusha mkuki, akauchomeka ardhini ncha chini, akamkamata mbwa shingoni. Mnyama alikanyaga nchi kavu mara moja tu, akakaa kando. Speciose aliingia kwenye tope hadi mapajani, akaishika kamba mbele ya mikono ya binti yake, akavuta. Saa sita na dakika arobaini Anatory alikuwa kwenye majani.

"Ana homa," Celestina alisema. "Mguu wa kulia. Tangu Jumamosi."

Speciose alimshika mumewe kichwa kwa mikono miwili. Karekezi alikata miti miwili ya machela. Walipomwinua ili kumpeleka zahanati, Anatory alifungua macho.

"Nigeuzeni," alisema.

Walidhani anataka kumpa mnyama mgongo, wakamgeuza hivyo.

"Siyo huko," alisema. "Nataka kumwona."

Wakamgeuza uso bwawani. Mnyama aliwatazama wote watano, kisha akaingia kwenye mafunjo. Hakuna aliyemfuata. Celestina alisimama ukingoni akihesabu kwa sauti ndogo, na alipofika thelathini na sita, alama ya mwisho ikajaa maji.