Mgongaji wa Darasa la Tatu

Kiti kilikuwa kimelowa. Hilo ndilo Idella Trask aliloliona kwanza Jumanne ile asubuhi, kabla hata hajaweka begi lake chini.

Shule ya msingi ya Galena Fork hufungwa mwezi wa Julai, na watoto wakishakwenda likizo wanaoingia ni wanasayansi. Kumi na wanane tu kwa wiki, hawazidi. Hukaa duara katika chumba cha darasa la tatu, kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu, wakazungumza mambo ambayo bado hawajayaandika popote. Viti vilikuwa kumi na vinane tangu jana yake. Sasa ubavuni mwa kiti cha Idella kilikuwa kimesogezwa cha kumi na tisa, kimegusana kabisa na chake, na juu yake palikuwa na maji meusi yenye mchanga, kana kwamba mtu aliyetoka mtoni alikuwa amekaa pale akainuka sasa hivi.

"Nani kaweka hiki?" aliuliza.

"Sijui, Profesa. Labda paa linavuja," alisema Marisela Quintana. Huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wake kwa miaka sita, na sasa alikuwa mhadhiri kijana katika chuo kingine. Wote wengine pale waliitana kwa majina. Yeye peke yake alikuwa hajaweza kuacha kumwita Profesa.

Idella alitazama juu. Dari ilikuwa kavu.

Mzee Anselm Brubaker aliingia na fimbo yake ya kupandia mlima, akajishusha taratibu kwenye kiti chekundu. Ndiye aliyeanzisha mikutano hii, na bado ndiye aliyeiongoza. "Msinicheke," alisema. "Kukaa nimekaa. Kuinuka mtatafuta winchi."

Wakacheka. Idella akacheka nao, akakichukua kile kiti akakipeleka stoo mwenyewe.

Wiki ile walikuwa wakizungumzia namna maji yanavyoanza kuganda mawinguni. Habari hiyo ndiyo iliyompa Idella jina. Yeye ndiye aliyeandika, miaka kumi na moja nyuma, kwamba barafu haianzi popote tu penye baridi, bali kwenye mpasuko mdogo mno ulio juu ya chembe ya vumbi. Tangu hapo vitabu viliuita Mpasuko wa Trask. Alipopewa zamu ya kusema, alisimama ubaoni kama alivyosimama mara mia, akaanza, "Wazo hili lilinijia nikiwa hapa hapa, katika chumba hiki."

Chini ya sakafu pakagongwa. Mara tatu, taratibu, kama nyundo kwenye jiwe.

Alitazama sakafu. Watu walikuwa wakimtazama wakimsubiri.

"Mabomba," alisema.

"Mabomba gani?" aliuliza Anselm.

Hakuna aliyekuwa amesikia kitu. Idella akaendelea, na kila alipotamka neno "nilifikiri" au "niligundua", pakagongwa. Aliporudi kukaa, aliona kiti cha kumi na tisa kiko pale pale ubavuni mwake, kinadondosha maji, na harufu ya jiwe bichi na mshumaa wa shahamu uliozimwa ikampanda puani.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Kazi yake ilikuwa kupima vitu, na watu aliokuwa nao walikuwa wapimaji wa vitu. Jumatano alikibeba kiti akakifungia ndani ya gari lake, na kabla ya chai ya saa nne kikawa kimerudi. Alikikalia yeye mwenyewe ili kisipate mkaaji. Baridi ilimpenya mpaka kwenye nyonga, na sikioni mwake akasikia pumzi ya mtu mzima, nzito, yenye subira, isiyo na chuki yoyote; na hilo la kukosa chuki ndilo lililomtisha kuliko yote.

Mchana ule ngurumo zilianza kama kawaida ya milima ile, na mvua ikapiga madirisha. Idella alikwenda msalani. Vyoo vya watoto vina masinki ya chini, ikabidi apige magoti ili anawe uso, na alipokuwa amepiga magoti hivyo, macho yamejaa maji, akasikia ukutani nyundo ikigonga mara tatu, na mbali sana chini, chini ya msingi wa shule na chini ya mizizi ya misonobari, sauti nyingine nyingi za kugonga zikiitika, dhaifu, zikiharakishana, kama watu wengi wenye mawe mikononi wanaojua kwamba hewa inawaishia, na kisha karibu kabisa na shavu lake sauti ya mwanamume ikasema kwa upole, kama anayetoa taarifa kwa mkubwa wake: "Hapana, bwana. Sikusikia kitu. Huko chini kimya kabisa."

Alifungua mlango, akatoka ameshika ukuta. Bibi Nankervis, mtunza shule, alikuwa koridoni na ufagio wa maji. Aliangalia sakafu nyuma ya Idella. Nyayo za mtu mmoja mwenye buti, nyeusi, zilikuwa zimefuatana na za viatu vyake.

"Kumbe ni wewe," alisema yule bibi kwa sauti ya chini. "Toka jana napangusa, nikasema safari hii kamshika nani."

"Unamwona?"

"Nione nini? Napangusa tu. Njoo ukae kabla hujaanguka."

Wakaingia chumba cha mafagio. Bibi Nankervis alikuwa na miaka themanini na mbili, na babu yake alikuwa amevuka bahari kuja kuchimba madini ya fedha kwenye mlima ule. Alizungumza akiutazama mlango.

"Watu wanamwita Mgongaji. Wageni wanadhani ni wale wachimbaji tisa waliofukiwa mgodini. Siyo. Wale wamepumzika. Huyu ni Treloar, msimamizi wao. Nguzo za mgodi zilikuwa zimeoza na yeye ndiye aliyezipitisha. Zikaanguka. Siku tatu watu wakagonga huko ndani, na siku tatu wenye mgodi wakamwuliza, unasikia chochote? Naye akasema hasikii. Maana wangewatoa wazima, wangesema kuhusu nguzo."

"Na anataka nini kwangu?"

"Hana ugomvi na wewe, mama. Anatafuta mwenzake. Mwizi wa kawaida hamfuati, wala mwongo wa kawaida. Anamfuata mtu anayelijua jambo na kulinyamazia." Akamtazama sasa. "Sikuulizi ni jambo gani."

"Anaondokaje?"

"Hilo babu hakuniambia. Nilichoona ni watu kuhama mji, naye akahama nao."

Idella alikaa pale mpaka mvua ikaacha. Jambo alilijua. Miaka kumi na moja iliyopita, katika chumba kile kile, kijana mmoja aliyekuwa msaidizi wake wa utafiti, jina lake Desmond Okerlund, alichora mpasuko ubaoni siku ya Jumatatu, wengine wakiwa wamekwenda kula. Waliobaki kumtazama walikuwa wawili: Idella na Anselm. Alhamisi yake Idella akasimama na kuueleza kama wake. Hakuwa amepanga, maneno yalimtoka vizuri, watu wakavutiwa, akayaacha yaendelee kutoka. Anselm akauliza mbele ya wote, "Desmond, hili si lile ulilolichora Jumatatu?" Mkataba wa kijana ulikuwa unangoja saini ya Idella. Desmond akajibu, "Hapana. Mimi nilikuwa narudia ya Idella." Mwaka haukuisha akaacha chuo.

Alhamisi asubuhi Idella aliaga kwamba anaumwa kichwa, akashuka bondeni kwa gari, saa mbili za njia, hadi kwenye mashamba ya mapichi ambako alikuwa amesikia Desmond anatengeneza pampu za maji. Alijiambia anakwenda kuomba radhi. Ukweli ni kwamba alitaka radhi hiyo iishie hapo hapo, wawili tu, uani mwa mtu, pasipo mwingine kujua. Kiti cha abiria kilianza kulowa kabla hajamaliza kona ya tatu. Mkanda wa kiti hicho ukajikaza polepole, kama juu ya kifua cha mtu. Idella hakugeuza shingo njia nzima.

Desmond alikuwa amechutama karakanani juu ya pampu iliyofunguliwa. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Alimtazama, kisha akatazama gari, akanusa hewa, uso ukambadilika.

"Usije karibu," alisema. "Baki hapo hapo."

"Desmond, nimekuja..."

"Nasikia harufu yake. Ni mishumaa ile." Akainuka, akajifuta mikono. "Kumbe kilikuja kwako. Lini?"

"Jumanne."

"Kwangu kiliondoka Jumatatu jioni."

Idella aligeuka akalitazama gari. Desmond akavuta ndoo, akakaa juu yake, mbali naye kwa hatua kumi.

"Nilishuka nacho kutoka kule mlimani. Miaka kumi na moja. Nilimwambia mke wangu ni unyevu wa nyumba. Nilibadilisha sakafu mara mbili."

"Lakini wewe hukufanya kosa lolote."

"Niliulizwa mbele za watu, nikasema si langu." Alisema bila hasira. "Na uongo huo ukazaa mwingine. Binti yangu Signe ana miaka kumi na sita. Kila akiniuliza kwa nini niliacha chuo, nilimjibu sikuwa na akili ya kutosha. Basi Jumatatu akaja akasema anaacha hisabati, kwa sababu amenirithi mimi. Nikakaa naye jikoni nikamwambia yote. Kwamba wazo lilikuwa langu na kwamba nilikuwa mwoga. La pili ndilo lililokuwa gumu. Nilipomaliza, nyumba ilinuka mapichi. Nilikuwa nimesahau kama tunaishi kwenye mapichi."

"Naomba unisamehe," alisema Idella.

"Mimi nilikuwa najua tangu zamani. Kuniambia mimi hakukugharimu kitu." Akainama tena kwenye pampu yake. "Kuna mtu ambaye hutaki ajue. Nenda kwake. Na hicho kitu ondoka nacho, tafadhali. Mtoto anarudi saa nane."

Idella alirudi garini. Mgongaji naye alikuwa kama aliyeaibika: njia nzima ya kupanda mlima aligonga dashibodi polepole, akanong'ona yale yale, kwamba hakusikia, kwamba huko chini kimya, na Idella akajikuta anamwelewa, akajikuta karibu anamwonea huruma, na alipoona kwamba hiyo huruma ni tamu, kwamba mtu anaweza kuzeeka ndani yake akiwa na mwenzake pembeni asiyemlaumu kamwe, akakanyaga mafuta.

Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Alisimama ubaoni, kiti cha kumi na tisa kikiwa kitupu machoni pa wengine, kwake kimejaa. Hakumtazama Anselm wala wengine. Alimtazama Marisela.

"Mpasuko si wangu," alisema.

Pakagongwa chini kwa nguvu, mara nyingi, pasipo mpangilio. Idella akapandisha sauti kidogo ili ajisikie.

"Ulikuwa wa Desmond Okerlund. Aliuchora kwenye ubao huu mbele yangu. Niliuchukua. Akaogopa kunipinga kwa sababu mkataba wake ulikuwa mikononi mwangu, nami nilijua anaogopa, na niliitumia hofu hiyo. Leo nawaandikia wahariri wa jarida. Basi, ndiyo hayo."

Kugonga kukakatika katikati. Harufu ikaondoka kama moshi dirisha linapofunguliwa, na ukaingia ubichi wa majani yaliyofyekwa uwanjani. Idella alingoja nafuu. Alichopata ni nyuso kumi na saba zikimtazama, na sasa hakuna kelele ya kumkinga nazo. Masikio yalikuwa yakimuwaka. Mikono hakujua aiweke wapi.

Marisela aliinua mkono, kama ilivyo desturi baada ya mada.

"Sura ya tatu ya tasnifu yangu imejengwa juu ya jambo hilo," alisema. "Uliponipa kazi ile, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Asante," alisema Marisela, akaandika kitu kwenye daftari, ingawa hapakuwa na kitu cha kuandika.

"Anselm," alisema Idella, "na wewe ulikuwepo. Uliuona ubao."

Mzee alikuna shavu. "Ni zamani sana, Idella. Mimi sikumbuki kuona chochote." Akatazama ratiba yake. "Tuna mada moja kabla ya chakula. Tuendelee."

Yule aliyekuwa na zamu akainuka. Alikuwa bado hajafungua mdomo Anselm alipogeuza shingo kuelekea ukutani.

"Nani anagonga?" aliuliza.

Wengine wakatazamana.

Idella alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za shule. Mlimani theluji kidogo ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye makorongo. Baada ya muda mlango ukafunguliwa nyuma yake. Marisela alisimama pale bila kukaa, simu mkononi.

"Nipe namba ya huyo Okerlund," alisema.

Idella alimtajia tarakimu moja moja, kama alivyoziona zimeandikwa mlangoni pa karakana. Marisela akateremka ngazi, akavuka uwanja hadi kwenye bembea, akampa mgongo. Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea shuleni, kwa hiyo maneno yalifika yote.

"Bwana Okerlund? Samahani kwa kukusumbua kazini. Naitwa Marisela Quintana, nafundisha kemia. Nimefanyia kazi wazo lako miaka minne bila kujua ni lako. Ningependa kukuonyesha nilipofikia, kama utakuwa na nafasi."

Akasikiliza. Halafu akajibu maswali aliyoulizwa: alisoma wapi, ana umri gani, ametumia vipimo vya aina gani. Alijibu yote kwa adabu, na hakutaja alikuwa mwanafunzi wa nani.