Aisikrimu ya Kumuaga Mwalimu

— Mama Mukiri, bado tu?

— Bado, Mwalimu. Ingia. Mlango uache wazi.

Mwalimu Munyi akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Tangu mume wangu Riungu afariki, miaka sita sasa, mwanamume akiingia kwangu hukaa hapo, majirani wa hapa Kaaga wamwone. Hata kama ni Julai na baridi inauma.

Alikuja kuchukua aisikrimu ya karamu yake ya kuagwa. Amehamishwa, anarudi kwao Embu, na kesho asubuhi anaondoka. Mara mbili ameniuliza kama nitakubali anioe. Mara mbili nimemjibu kwamba bado naomba Mungu. Mungu hakunikataza. Ni mimi niliogopa.

Nilifungua friza. Krimu nilikuwa nimeipasha na mchaichai mpaka ikanukia, nikachuja. Matunda damu nilimenya, nikayachemsha polepole kwa sukari na mdalasini, yakalala mekundu kwenye bakuli. Sina mashine. Kila nusu saa natoa krimu, nakoroga kwa mwiko, narudisha, la sivyo inashika vipande vya barafu.

— Imebaki kukorogwa mara ngapi?

— Tatu.

— Woi! Na walimu wako mezani!

Simu yake ikalia. Sauti ya mwalimu mkuu niliisikia mpaka jikoni.

— Munyi! Tumekusifu hotuba tatu na wewe hauko. Hiyo aisikrimu umeenda kuikamua?

— Inakorogwa, mkuu.

Akakata, akacheka kidogo. Halafu akaniangalia.

— Mama Mukiri, aisikrimu ya harusi ya binti wa mchungaji ulimaliza siku moja mapema. Wewe huchelewi.

Nikakoroga.

— Leo ulianza saa ngapi?

— Saa sita.

— Kwa nini?

Ningesema stima ilipotea, angeamini. Lakini uongo ni dhambi.

— Ningeanza jana, ungechukua bakuli uende.

Nikatoa simu yangu, nikampa asome ujumbe wa mwanangu Mukiri kutoka chuoni Nchiru: "Mum, Mwalimu alinipigia. Mimi sina neno. Usikae peke yako kwa ajili yangu."

— Hii ni ya mwezi uliopita!

— Najua.

— Sasa unaogopa nani?

— Akina mama wa kanisa. Na kaburi la Riungu, nikienda Embu nani atalipalilia?

— Tutakuja tupalilie, mimi na wewe. Jembe ninalo.

Mwiko ukasimama mkononi mwangu. Miaka yote hii natengenezea wageni wa watu, bakuli thelathini, arobaini. Wakishaenda nazo, mimi nalamba mwiko nikiwa nimesimama.

Nikaenda mlangoni.

— Simama kidogo.

Akasimama. Nikabeba kile kiti, nikakiweka mezani kando ya changu. Mlango ukabaki wazi, baridi ikiingia. Nikapakua bakuli mbili, laini hivyo hivyo, na tunda moja kwa kila mmoja.

— Hii si ya walimu?

— Walimu watangoja. Kula.

Akaonja, akafumba macho.

— Mwalimu, leta wazee wako wakaongee na ndugu zangu. Halafu twende kwa mchungaji.

— Nitawaleta, Makandi.

Hakuna aliyekuwa ameniita Makandi tangu tumzike Riungu. Nikageukia friza haraka, nikatoa krimu nikakoroga, ingawa nusu saa ilikuwa haijafika.